Daftari la mauzo lilijua kabla yangu

Nina kaunta buku ya kwaya tatu ambayo siitupi wala simuazimi mtu, ipo chini kabisa ya begi la nguo, na kila nikiifungua naona mambo ambayo wakati yanatokea mi mwenyewe sikuyaona. Ni daftari la mauzo tu. Nauza madera na vijora Kariakoo, nina kifremu kidogo upande wa mtaa wa Kongo, na kila jioni nikifunga naandika siku ilivyokua, madera mangapi, vijora vingapi, nani kachukua kwa mali kauli, nani kalipa, nauli, chakula. Siku moja ukurasa mmoja. Sasa kuna kurasa za mwezi wa tano 2019 ambazo siku moja haikutosha kwenye ukurasa wake, nimeongezea karatasi za pembeni nikazibana kwa pini, mwandiko mkubwa umelala upande wa kulia kama unakimbia, hesabu za mamilioni, mishale, majina ya mikoa, Mwanza, Kahama, Tunduma, ukurasa mwingine nimechora ramani ya Tanzania nzima na nukta nyekundu kila nilipotaka kufungua duka. Na kwa ule mzuka nilishaandika tarehe za kila siku mpaka daftari likaisha. Ndo maana karatasi zilizofuata zina tarehe juu na chini hamna kitu. Nyeupe. Nimezihesabu, ni 41.

Naandika haya kwasababu wiki iliyopita mteja wangu mmoja wa Morogoro, dada mdogo tu, kanipigia saa nane usiku ananipa wazo la biashara, anaongea hapumui, wazo likizaa wazo kabla la kwanza halijaisha. Nikamuuliza mdogo wangu umelala lini mara ya mwisho, akacheka, akaniambia kulala ni kwa wavivu. Simu ilivyokatika nikakaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Maana hiyo sentensi niliisema mimi, vilevile, 2019.

Ambae hajawahi kufanya biashara Kariakoo kwenye kumi la mwisho la Ramadhani hawezi kuelewa ilivyokua rahisi kujificha, na sikua najificha kwa makusudi, soko lenyewe lilinificha. Kumi la mwisho watu hawalali. Wateja wa mikoani wanashuka na basi za usiku wanachukua mzigo wanageuza, ndani ya duka hupiti, nje hupiti, taa zinawaka mpaka usiku mkubwa na kila mtu macho mekundu. Ukisema umelala masaa matatu jirani anakwambia bora wewe. Kwahiyo mi nilivyokua silali kabisa, nani angejua? Nilionekana mpambanaji. Tajiri wangu wa mzigo alinisifia mbele za watu, akasema muigeni huyu binti.

Tofauti ni kwamba wenzangu Idd ilivyofika walilala kama magogo. Mi Idd pili saa tisa usiku nilikua jikoni naosha vyombo visafi.

Nikisema ilikua tamu naomba nieleweke, kwasababu watu wanaandika kuhusu huu ugonjwa wa baipola kama vile ni huzuni mwanzo mwisho. Ilikua tamu. Rangi za madera zilikua zinawaka, nikimuona mteja najua anataka nini kabla hajafungua mdomo, utani unanitoka watu wanacheka, ile aibu yangu ya siku zote sijui ilikwenda wapi. Nilihisi hatimae nimekua mimi. Hapo ndo penye ugumu, kwasababu mtu anaejiona hatimae amekua yeye hawezi kwenda kwa daktari kusema nisaidie.

Ndani ya wiki tatu nililipia fremu tatu kwa dalali, kodi ya miezi sita sita. Nilichukua dazeni sitini za madera kwa mali kauli kutoka kwa watu wanne tofauti na kila mmoja nilimficha yule mwingine. Nilienda feri Kigamboni na furushi nikawa nagawa madera bure kwa kina mama wanaokaanga samaki, nawaambia nimeoteshwa. Nikawa na hasira za kiberiti pia, hilo watu huwa hawalisemi, nilimtukana mama mwenye nyumba wangu mtu mzima wa kunizaa kwasababu aliniomba nipunguze redio. Na hela. Nilikua mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 22, mama ntilie, wauza vitumbua, fundi cherehani. Milioni nne na laki nane ilikua kwenye simu yangu. Sikuiba, yaani kichwani mwangu nilikua naizalisha nije niwarudishie mara tatu, nilikua nina uhakika kama ninavyojua jua litachomoza. Ilikwenda yote kwa dalali.

Afu ikazima. Mnajua LUKU inavyoisha katikati ya kupika, hamna taarifa, giza tu na sufuria ya moto. Jumatano nilikua natembea, Ijumaa siwezi kunyanyua ndoo ya maji kutoka mlangoni hadi bafuni. Chumba changu Mbagala bati linavyolia mchana na joto lile nilikua nalala nimejifunika shuka zito, siogi, simu inaita, wanawake wa kikoba wanakuja wanakaa barazani mmoja analia ada ya mtoto, nasikia kila neno, siwezi kutoka. Nilikua naomba nikilala nisiamke. Nimeliandika hivohivo bila kulipamba kwasababu najua kuna mtu anasoma hapa analiomba hilohilo saivi, na chini nitasema na yeye.

Karatasi 41 nyeupe ndo hizo.

Watu walinipa majina mengi. Kwa wenzangu sokoni nilikua nimevurugwa na madeni, wengine wakasema dishi limeyumba, vijana wa kubeba mizigo wakasema huyu katoroka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Shoga yangu wa fremu ya jirani aliamini Kariakoo ina mambo yake na nimetupiwa kitu na mtu aliyetaka nafasi yangu. Mama alikuja kutoka Tanga akanikuta nimekonda, akanipeleka kwa mtaalamu upande wa Bagamoyo, tukatoa laki tatu na nusu na kuku wawili weusi. Nikasomewa kisomo siku saba. Jirani mlokole akaja na wenzake wakaniombea wakiwa wamenishika kichwa, na mi muislamu nikakubali kwasababu walikua na huruma na sikua na nguvu ya kukataa. Simlaumu yeyote kati ya hao. Mama angeuza shamba. Na dua sijaiacha mpaka leo. Ila kwa wote hao, miaka mitatu, hakuna aliyewahi kuniuliza usiku nalala masaa mangapi.

Na baada ya miezi miwili nilinyanyuka mwenyewe. Hiki ndo kilichonichelewesha kuliko mganga, kuliko aibu, kuliko hela. Nilinyanyuka, nikafungua duka, nikaanza kulipa madeni kidogo kidogo, nikawa mtu wa kawaida kabisa. Sasa mtu wa kawaida anaenda hospitali kusema nini? Kwamba mwezi wa tano nilikua na furaha nyingi? Nikiwa juu sitaki daktari, nani anaumwa? Nikiwa chini nataka ila siwezi kufika hata mlangoni. Nikiwa katikati nafika popote ila sioni sababu. Kaa ufikirie hilo, ni kama mlango ambao kila upande una kufuli lake. Kwahiyo mtu akikwambia utajua mwenyewe muda wa kutafuta msaada ukifika, mi nakwambia hapana, kwa huu ugonjwa unaweza usijue kabisa, kwasababu kile unachotumia kujua ndo hichohicho kinachoumwa.

2021 nilijaribu. Nilikua nimeshuka tena, nikajikokota mpaka zahanati moja, sitaitaja, daktari kijana mstaarabu tu, foleni nje ndefu. Nikamwambia silali vizuri, nalia, sili. Akaniuliza kama nimefiwa au nimeachwa. Akaniandikia amitriptilini, kimoja usiku. Siku kama kumi nikawa nimefufuka, na siku ya kumi na tano nilikua natafuta dalali wa fremu. Baadae sana ndo nikaja kuelezwa kwamba dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu mwenye hali kama yangu zinaweza kumrusha juu. Simlaumu yule kijana hata kidogo. Hakuniuliza kuhusu siku za juu, na mimi sikumwambia, kwasababu sikudhani ni sehemu ya ugonjwa. Nilidhani zile ndo siku nilizokua mzima. Kama unatoka na kitu kimoja tu kwenye makala hii ndefu chukua hicho: ukienda kwa daktari na huzuni yako, beba na furaha yako pia, zile wiki ulizokua unapaa, hata kama unazipenda, hata kama unaona aibu kwa uliyoyafanya.

Ramadhani ya 2022 ikaja mwezi wa nne na mambo yakawa yaleyale, safari hii kwa mikopo ya kausha damu maana hakuna mtu wa kikoba angenipa hata mia. Mwezi wa sita nipo chini. Mdogo wangu wa kiume anaendesha bajaji, akahamia kwangu kuniangalia, na wale wa kausha damu walikua wanakuja getini kwa hiyo akachukua madaftari yangu yote ajue namdai nani angalau apunguze. Alikaa nayo usiku mzima. Mwanzoni mwa mwezi wa saba nilikua nimeshaanza kupata nafuu, jioni moja akayatandaza kwenye mkeka, 2019, 2021, 2022, na pembeni simu yangu na meseji zote za miamala. Akaniambia, dada hebu njoo uone.

Nikaona. Karatasi zilizobanwa pini, mwandiko uliolala, miamala saa tisa usiku, saa kumi usiku, kisha kimya, tarehe na weupe. Mara tatu. Kama mtu mmoja kaandika kwa mikono mitatu.

Akasema, dada hii kitu inakuja na kuondoka na tarehe zake, sasa twende hospitali tukaiseme na tarehe zake.

Nikamwambia mbona saivi niko sawa. Akasema ndo maana twende sasa hivi, ukiwa haupo sawa nilishashindwa kukupeleka mara mbili. Mtoto ambae nilimlipia ada ya sekondari kwa hela ya vijora. Nililia lakini nilivaa.

Ilikua Jumatano ya kawaida kabisa, nilikua nimekula ugali na dagaa usiku wake, nimeoga mwenyewe, sikua nimezidiwa. Nilipanda bajaji ya mdogo wangu mpaka moja ya hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar, nimevuta mtandio mpaka puani nisionekane. Kichwani nina picha ya watu wamefungwa minyororo. Nikakuta benchi. Mama kabeba mtoto mwenye kifafa, askari na sare yake, mwanafunzi wa chuo na laptopu, mzee na mkewe wanagawana maandazi. Hakuna aliyenigeukia.

Daktari alikaa na sisi zaidi ya nusu saa. Akanyoosha mkono akaomba daftari, akalisoma kweli, akafungua zile pini, akauliza hizi nukta nyekundu ni nini. Akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea. Ukiwa na nguvu hizo unalala masaa mangapi, na kesho yake unachoka au huchoki? Unaongea haraka mpaka watu wanashindwa kukudaka? Umewahi kusikia sauti? Umewahi kupanga kujidhuru? Unakunywa, unavuta, unatumia mirungi? Unatumia uzazi wa mpango gani? Kwenu kuna mtu wa hivi? Hapo nikampigia mama, akanyamaza kidogo kwenye simu, afu akasema mwanangu, si mjomba wangu yule aliyekua akishikwa anatembea kwa miguu Muheza mpaka Korogwe usiku, akirudi anajifungia mwezi mzima. Miaka yote tuliambiwa mjomba ana jini la njia.

Jina alilonipa daktari ndo hilo, baipola. Hisia zinapanda juu kupita kiasi na zinashuka chini kupita kiasi, na siyo kwa nusu siku, hilo daktari alilisisitiza, kwasababu saivi mtu akinuna asubuhi akicheka jioni anaambiwa ana baipola. Yale ya kubadilika ndani ya siku mara nyingi ni mambo mengine, uchovu, hedhi, msongo, ugomvi wa nyumbani, nayo yana msaada wake. Wao wakihesabu wanaangalia kupanda kwa wiki moja au zaidi karibu kila siku, au kama ni kule kupanda kwepesi basi siku nne mfululizo, na kushuka kwa wiki mbili au zaidi. Mara nyingi inaanza kuanzia miaka kumi na kitu ya mwishoni mpaka ishirini na kitu, mi nilikua na 24. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu milioni 40 duniani wanaishi nayo. Huo mwaka 2019 mi nilikua mmoja wao, nagawa madera feri.

Hawakunipa dawa kabla ya damu. Walipima homoni za tezi ya shingo maana tezi ikizidi kazi inaweza kukufanya huna usingizi na moyo unaenda mbio, wakapima na VVU, sukari, ini, figo. Kisha nikaanza kabamazepini, na olanzapini usiku kwa miezi ya mwanzo. Kabamazepini ni dawa ya kifafa pia, kwahiyo jiandae, muuza duka la dawa la kwanza aliniuliza kwa sauti ya juu mbele za watu una kifafa dada? Dawa hiyohiyo inatuliza na kifafa na hisia, basi. Niliambiwa nikitokwa na upele nirudi haraka sana nisisubiri kliniki. Na hili la wanawake sikuwahi kulisikia popote, inapunguza nguvu ya vidonge vya majira na hata kijiti, mi nilikua na kijiti, tukabadilisha. Pia aliniambia kuna nyingine, valproeti, wanaikwepa kwa mwanamke anayeweza kubeba mimba kwasababu inaweza kumlemaza mtoto tumboni, kwahiyo ukipewa dawa yoyote sema kama una mpango wa kuzaa, usione haya. Dada mmoja tuliyekua tunakutana nae benchini yeye alikua kwenye lithiamu, anapimwa damu mara kwa mara kuangalia kiwango chake, joto la Dar la mwezi wa pili analiogopa kuliko deni maana akitoka jasho sana asinywe maji dawa inapanda kwenye damu, na zile diklofenaki tunazomeza kama karanga kwa mgongo na kiuno yeye hagusi mpaka aulize.

Sitawadanganya kuhusu olanzapini. Njaa ilikua njaa ya kweli, niliongezeka kilo 8, madera yakanisaidia kuficha. Miezi ya mwanzo nilikua nasinzia dukani. Na kuna kitu nilikililia ambacho sikutegemea, nilimlilia yule mwanamke wa kumi la mwisho, mcheshi, asiyeogopa. 2023 katikati nikaacha dawa kimyakimya kwasababu nilijiona nimepona, na moyoni nilitaka kumuona tena mara moja tu. Mwezi wa tatu wa kuacha mwandiko ukaanza kulala. Nimerudi kwenye dawa na sijaacha tena.

Sasa daftari jipya ukurasa wa kwanza hauna mauzo. Una maneno niliyoandika nikiwa katikati, nimesaini mimi, mdogo wangu na mama kwa dole gumba. Kila asubuhi kabla ya mauzo naandika masaa niliyolala. Usiku mbili mfululizo chini ya masaa matano na sijachoka, nampigia mdogo wangu kabla sijampigia mtu yeyote. Hela zaidi ya laki tatu haitoki bila yeye kujua, na uweka hazina nilishaachia, kikoba nimemaliza kuwalipa mwaka jana mwezi wa kumi na moja, wa mwisho alikua yule mama wa ada. Na mstari wa mwisho: mdogo wangu akisema nimepanda, nimepanda. Hata nikimkatalia. Hata nikimtukana. Anipeleke. Mara moja ameshautumia. Nilimwambia maneno mabaya njia nzima kutoka Mbagala, akaendesha, hakunijibu.

Na Ramadhani sifungi tena. Daku na kukesha vinanivunjia usingizi na usingizi ndo kuta za nyumba yangu, na dawa zina saa zake. Nilizungumza na daktari, nikazungumza na ustadhi wetu, nalipa fidya. Iliniuma sana mwaka wa kwanza, kukaa nyuma ya duka nakunywa maji nimegeukia ukutani. Bado inaniuma kidogo. Kumi la mwisho nafunga duka saa tatu usiku wenzangu wakiwa ndo wanachangamka, na hela inayopotea hapo naijua mpaka shilingi.

Wewe unayejiuliza kama umefika pa kwenda. Usijipime kwa unavyojisikia. Pima vitu vinavyobaki baada ya hisia kupita, masaa ya kulala, miamala kwenye simu, siku ulizoshindwa kwenda kazini, watu uliogombana nao mwezi huu, nguo ulizoshindwa kufua. Muulize mtu mmoja anayekaa na wewe, akwambie bila kukupamba. Kama kuna kupanda na kushuka na katikati kuna hasara ya hela, ya kazi, ya watu, nenda ukiwa mzima, nenda siku ya kawaida, nenda na tarehe. Hospitali za rufaa za mkoa zipo, Amana, Temeke, Mwananyamala, na Muhimbili ipo. Mirembe ipo Dodoma na huwezi kupelekwa huko kwasababu tu umefungua mdomo kwa daktari, kumlaza mtu bila ridhaa yake kuna sheria yake ya mwaka 2008 na kuna utaratibu. Mi sijawahi kulazwa hata siku moja.

Ila kama umefika pale pa kuomba usiamke, au umeanza kupanga, au unasikia sauti, au una siku tatu hujafumba macho, achana na habari ya kusubiri siku ya kawaida. Leo. Dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku huohuo. Usibaki chumbani peke yako, gonga mlango wa jirani yeyote sema neno moja tu, naumwa nisindikize, huna haja ya kueleza zaidi ya hapo barazani. Dawa za nyumbani mpe mtu azishike. Mi niliyelala chini ya lile bati natamani ningegonga kwa mama mwenye nyumba. Alikuja kuniambia baadae kwamba alikua anasimama mlangoni kwangu kila usiku kusikiliza kama napumua, na aliogopa kugonga kwasababu nilimtukana.

Yule dada wa Morogoro jana nilimtafuta mama yake kupitia risiti za mzigo, nikamwambia mama shikamoo, mwanao analala? Akanyamaza, afu akaanza kulia. Mwenyewe hataki kusikia hospitali, anataka kuja Dar kuchukua mzigo, dazeni arobaini. Nimemwambia njoo tuongee biashara, njoo na mama, na njoo na daftari lako la mauzo la mwaka huu na mwaka jana nataka tuangalie pamoja. Kakubali haraka, anapenda sana mahesabu saivi. Wanashuka kesho na treni ya SGR asubuhi, mdogo wangu atakua nje ya stesheni na bajaji, na mi leo nafunga mapema nikalale.